Jina Katika Daftari



Karani wa benki, kabla ya kukulipa hata shilingi moja, hukuuliza jina lako. Herufi moja ikikosewa, waweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Leo na tuwakumbuke waliokufa wakitumika vitani, tukianza na jambo hilo dogo la jina.

Katika Vita Kuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza waliwachukua wapagazi wengi wa nchi hii, mara nyingi kwa nguvu, wabebe chakula na risasi za jeshi. Mtaa wa Kariokor hapa Nairobi umepata jina lake kwao. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara, malaria na njaa. Mshahara wao ulikuwako. Lakini majina ya wengi yaliandikwa vibaya, au kwao hakukujulikana. Fedha zikabaki serikalini, na wajane wengi hawakuziona.

Sasa twende barabara ya Ngong, ile ipitayo kati ya Kibera na Kawangware. Ukiifuata kutoka mjini utafika kwenye makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka 1941. Humo mna ukumbusho wa wasio na kaburi. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwamo wauguzi, na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari haikurudisha miili yao, lakini kuna mtu aliyeandika majina ya askari wale, na jiwe limeyahifadhi.

Nabii Isaya atufundisha kwamba Mungu amewachora watu wake katika viganja vyake. Hata mpagazi aliyepotea katika daftari la serikali hakupotea kwake.

Basi wewe karani, wa benki, wa hospitali au wa kanisa, andika vema. Waweza kuwa unamtumikia mjane usiyemjua. Nawe mzazi wa Kawangware, nawe mjukuu wa askari Wanubi waliokaa Kibera tangu mwanzo, muulize mzee wa nyumbani leo: ni nani wetu aliyekwenda asirudi? Liandike jina lake, ukawasomee watoto.

Mungu awabariki.