Mshkaji wa Kuchoma CD, Kabati la Sebuleni na Nyimbo Zisizo na Majina

Kila mtaa wa Dar ulikuwa naye. Kibanda kidogo, kompyuta moja iliyovuliwa kava kwa sababu ya joto, spika zinazonguruma mpaka barabarani, na ukutani karatasi yenye orodha ya nyimbo. Unachagua zako kumi na tano, unalipa, ukirudi baadae unakuta CD yako tayari, juu imeandikwa kwa maka pen "Mix Kali Vol. 3". Watu walimwita mshkaji wa CD. Jina lake halisi wengi hawakuwahi kuuliza.

Wengi wanamkumbuka kama mwizi wa kazi za wasanii. Na kweli, alikuwa anauza jasho la watu bila kuwalipa, hilo halina utetezi. Ila ni huyo huyo aliyekuwa wa kwanza mtaani kufanya kitu ambacho leo watu wanakifanya majumbani kwao: kutoa muziki kwenye CD, kuuingiza kwenye kompyuta, na kuucheza bila kugusa CD tena. Historia ya jambo hili imejaa watu wa aina yake. Wamefanya kazi kubwa na hakuna anayewajua.

Kisahani cha 1982

CD iliingia sokoni Japani Oktoba 1982, kazi ya pamoja ya Sony na Philips. Kisahani cha sentimita 12, muziki wa dakika 74. Kilichoitofautisha na kaseti ni kwamba ndani yake muziki umeandikwa kwa namba. Kila sekunde moja ya wimbo imepimwa mara 44,100, kulia na kushoto.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba mainjinia wale hawakuzifunga namba hizo kwa nywila. Hawakuona haja. Dakika moja ya CD inakula karibu MB 10, na kompyuta ya IBM PC XT iliyotoka 1983 ilikuwa na hard disk ya MB 10 tu. Yaani dakika moja ya wimbo na kompyuta nzima imejaa! Nani angepata wazo la kunakili albamu?

Miaka ikaenda, hard disk zikakua. Huko Erlangen, Ujerumani, injinia mmoja na wenzake walikuwa wanatafuta jinsi ya kuubana muziki, kutupa sauti ambazo sikio la binadamu halizisikii vizuri na kubaki na zile muhimu. Alitumia wimbo mmoja wa Suzanne Vega unaoimbwa bila ala yoyote kupima kazi yake. Mwanzo sauti ya dada yule ilitoka vibaya. Akarekebisha, akasikiliza tena, akarekebisha tena. Julai 1995 kikosi chao kikachagua jina la faili zao: mp3. Kwa kiwango kilichozoeleka cha 128, wimbo ulipungua ukubwa mara 11 hivi.

Hapo ndipo biashara ya kibandani ikawezekana. CD moja ya MP3 ikabeba nyimbo zaidi ya mia, na deki ya nyumbani ikazisoma. Baadae ikaja flashi, kisha memori kadi ya simu.

Wale waliochapa majina

Ukiweka CD ya kawaida kwenye kompyuta, mara nyingi yenyewe haijui inaitwaje. Utaona Track 01, Track 02, basi. CD nyingi zina muziki tu, majina yamebaki kwenye karatasi ya kava.

Katika miaka ya 1990 wapenzi wa muziki wakabuni njia ya ujanja sana. Kompyuta inapima urefu wa kila wimbo kwenye CD, halafu inauliza kwenye orodha ya intaneti: albamu gani ina nyimbo za urefu huu, kwa mpangilio huu? Kama haipo, wewe mwenye CD unachapa majina kwa mkono na kuyatuma, ili mwenzako wa nchi nyingine asihangaike. Orodha hiyo iliitwa CDDB. Maelfu ya watu walichapa majina bure.

Kilichofuata kiliwauma. Orodha iliuzwa, ikawa mali ya kampuni yenye masharti yake. Waliochapa hawakuambulia kitu. Wengine wakakasirika na kuanzisha ya kwao, freedb, ambayo nayo ilifungwa 2020. Inayodunda mpaka leo ni MusicBrainz, iliyoanza 2000 na inaendeshwa na shirika lisilo la faida.

Lakini rudi kwenye ile "Mix Kali Vol. 3". Hiyo hakuna orodha yoyote duniani inayoijua, kwa sababu mpangilio wake ulikuwa kichwani mwa mteja mmoja siku moja. Programu italeta Track 01 mpaka Track 15. Kitakachosaidia ni mtu. Mama akisikia sekunde tano anasema huyu ni fulani, wimbo huu ulipigwa sana mwaka niliojifungua dada yako. Mjomba anaitambua bendi kwa gitaa tu. Kompyuta inanakili CD kwa dakika chache, ila jina linatoka kwa mtu aliyekuwepo. Mtu huyo akiondoka, wimbo unabaki Track 07 milele.

Muziki kuingia sebuleni

Mwaka 2001 ulikuwa na mambo mawili. Kwanza ilitoka FLAC, aina ya faili inayobana muziki mpaka karibu nusu bila kutupa hata namba moja, tofauti na MP3. Pili, kampuni ndogo ya Marekani ilitoa kidude kiitwacho SLIMP3. Hakikuwa na CD wala hard disk. Kilivuta nyimbo toka kwenye kompyuta ya chumba kingine na kuzipeleka kwenye redio ya sebuleni. Ndugu zake waliofuata waliitwa Squeezebox.

Logitech wakainunua kampuni hiyo 2006, na 2012 wakaacha kutengeneza vidude hivyo. Kwa kawaida stori ingeishia hapo. Ila programu yake ilikuwa ya wazi, mtu yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha, basi watumiaji wakaendelea nayo. Leo inaitwa Lyrion, na bado inapiga muziki.

Siku hizi seva ya muziki inaweza kuwa laptop ya zamani yenye kioo kilichopasuka, au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayotosha kiganjani. Juu yake unaweka programu ya bure kama Jellyfin au Navidrome, simu inaunganishwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, na sabufa inaanza kuunguruma. Na hapa wengi wanashtuka: haihitaji bando! Nyimbo zinasafiri toka chumbani kwenda sebuleni kupitia ruta tu. Intaneti ikikatika, muziki unaendelea.

Kwa nini isingoje

Kwa sababu CD zinakufa, na zile za kibandani ndizo zinazotangulia. CD ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa. Ya kuchoma ina tabaka la rangi ambalo mwanga wa leza umelibadilisha, na jua na joto vinaendelea kulibadilisha taratibu. Iliyokaa dirishani miaka kumi na tano inaweza kuwa imeshapotea. Na wengi wanalinda upande unaong'aa wakati upande wa maandishi ndio mwepesi zaidi. Muziki umekaa chini tu ya ile lebo, mkwaruzo wa huko haufutiki.

Utasema si kuna apu? Ni kweli, Spotify ilifunguliwa Tanzania 2021, Boomplay nayo ipo. Lakini apu ina kile tu kilichopandishwa na mwenye haki. Albamu ya Bongo Flava ambayo msambazaji aliacha biashara, kaswida za madrasa ya mtaani, CD ya kwaya iliyouzwa mlangoni mwa kanisa, kanda ya harusi ya taarab: kama hakuna aliyeipandisha, haipo. Na iliyopo leo inaweza kuondolewa kesho.

Hesabu yake haitishi. CD 500 za kiwandani kwa FLAC ni kama GB 175, kila moja ikila MB 350 hivi. Exact Audio Copy ni ya bure na inasoma tena na tena sehemu yenye mkwaruzo. Weka nakala mbili, moja nyumbani na moja kwa ndugu, maana hard disk nayo inakufa. Na kunakili CD yako kwa ajili ya sebule yako si sawa na kugeuza chumba chako kibanda, msanii bado anakula kwa jasho lake.

Kisha fanya kazi ambayo mashine haiwezi. Kaa na mama, kaa na mjomba, cheza wimbo mmoja mmoja, andika jina, msanii, na hata ile stori ya dada kuzaliwa.

Kibanda cha yule mshkaji leo pengine kinafanya uwakala wa pesa. Aliingiza nyimbo nyingi kwenye nyumba za watu na jina lake halikuandikwa popote. Nyimbo zenyewe zisiishie hivyo.

Je, kwenye kabati la kwenu kuna CD gani ambayo haipo kwenye apu yoyote? Itaje hapo chini kwenye komenti. Na kama huijui jina, elezea inavyoanza, kuna mdau ataijua.