Alama za Vidole za Garissa

Ndani ya kompyuta hamna herufi wala sura ya mtu. Mna tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kila nane kati yake hufanya baiti moja. Faili ya baiti haijielezi yenyewe. Asomaye hana budi kujua aliyeandika alikusudia nini. Chukua namba 1 iliyoandikwa kwa baiti nne, ile ya thamani ndogo ikitangulia. Programu inayotazamia baiti ya thamani kubwa mwanzoni itaisoma 16,777,216. Hakuna kilichoharibika: baiti ni zile zile, bali desturi ya msomaji siyo ya mwandishi. Ndiyo maana fundi mwelevu huuliza kwanza faili iliandikwaje.

Katika Kaskazini Mashariki ya Kenya hitilafu ya jinsi hii iliwapata binadamu. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka huko Somalia, wakimbizi walimiminika Garissa, na karibu na Dadaab zikajengwa kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera. Ukame nao ulikuwa umeangamiza mifugo ya wenyeji. Kambini mlikuwa na posho na tiba. Nje hamkuwa na kitu. Basi baadhi ya raia wa Kenya, ambao ni Wasomali vilevile, wenye lugha moja na dini moja na wageni wale, wakajiandikisha kuwa wakimbizi. Wengine walikuwa watoto walioandikishwa na wazazi wao. Mimi sioni hila kubwa kwa mama atafutaye unga. Ukame wa 2011 uliwarudisha watu kambini kwa haja ile ile.

Baadaye alama za vidole zilitiwa katika kompyuta. Picha ya kidole hugawanywa katika nukta ndogo mno, kila moja ikapewa namba ya weusi au weupe wake, toka 0 hata 255. Kisha programu hutafuta mahali michirizi inapokoma au kupanda njia mbili. Mtoto yule alipotimiza miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, vidole vyake vikalinganishwa na vya kambini, vikaafikiana. Mashine ilisoma sawasawa kabisa! Lakini kilichoandikwa ni kwamba mtu huyu alipata kuorodheshwa ili ale. Kilichosomwa ni kwamba yeye si raia.

Pasipo kitambulisho, kijana wa Garissa hafungui akaunti benki, hapigi kura, na kila kizuizi cha polisi barabarani humtia hofu. Maelfu walikwama hivyo. Mwaka 2019 kamati iliwahoji waliolalamika, na mwaka 2021 shauri likafikishwa katika Mahakama Kuu mjini Garissa. Kazi yenyewe ni ya kuchosha, kwa maana jina likifutwa katika orodha moja na nakala ikabaki katika nyingine, vidole vitaafikiana tena kama awali.