Herufi Mbili za Kuleta Mfano

Msomaji wa vitabu vya Kiingereza hukuta mara nyingi herufi "e.g." zikitangulia mfano. Wengi wetu huzipita kwa macho tu, pasipo kujua ya kuwa si Kiingereza hata kidogo. Ni Kilatini, lugha ya Warumi: exempli gratia, maana yake "kwa ajili ya mfano".

Basi mbona yalifupishwa? Zamani vitabu vya Ulaya viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi za kondoo na ndama, nazo zilikuwa ghali. Mwandishi aliyekata maneno aliokoa ngozi, na jasho lake pia. Desturi hiyo ni ya kale sana. Tiro, mtumwa wa Cicero aliyepewa uhuru mwaka 53 kabla ya Kristo, husemwa ndiye aliyebuni alama za kuandika upesi. Na moja yake, iliyo kama tarakimu 7 na maana yake "na", ingali yaonekana katika vibao vya Ireland. Ajabu zaidi ni "viz.", ufupisho wa videlicet. Ile z si z kamwe! Ilikuwa alama ya waandishi ya kuonyesha kwamba neno limekatwa, nao wapiga chapa wakatia z kwa kuwa zafanana.

Lakini ndugu wasomaji, tujihadhari na "i.e.", yaani id est, ambayo wengi huichanganya na "e.g.", hata Waingereza wenyewe. Tuseme imeandikwa amri ya kulipia wanyama wa kufugwa, "e.g." mbuzi na kondoo. Mwenye ng'ombe hana budi kulipa, maana waliotajwa ni mfano tu. Ikiandikwa "i.e." mbuzi na kondoo, hao ndio wote, na mwenye ng'ombe aenda zake salama. Herufi moja yatosha kumtoza mtu fedha.

Sisi katika Kiswahili tuna "yaani", neno tulilolipata kwa Waarabu, na "kwa mfano", tunaloliandika k.m.; wala hayakaribiani hata mtoto akayakosea.

Mwaka 2016 watunzaji wa maandiko ya serikali ya Uingereza katika intaneti walitangaza kwamba wataziacha "e.g." na "i.e.", kwa sababu wageni wa lugha hutatizwa nazo, na mashine zinazowasomea vipofu huzitamka vibaya.