Makala ya Ndosho na Historia ya Udongo

Kila siku, katika njia ya Sake, chukudu zinapita Ndosho zikibeba mifuko ya makala. Wengine wanasema: «Hawa wanamaliza pori.» Wengine wanajibu: «Na sisi tupike na nini?» Wote wana neno la kweli. Historia haikimbilii kuhukumu. Inauliza kwanza ginsi gani mambo yalifika hapa.

Ndosho imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mama wa nyumba hana mahali pa kupanda mti wa kuni. Moto wake sherti utoke mbali kidogo: Masisi, ama pori la Parki ya Virunga.

Parki hiyo ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, ikaitwa jina la Albert, mfalme wa Wabeleji. Lakini mzizi wa jambo ni wa zamani zaidi. Tarehe 1 Julai 1885 serkali ya Leopold II ilitangaza kwamba udongo usio na mwenyewe ni mali ya serkali. Maneno ni machache, tuyapime vizuri. Kwa mkubwa aliyeandika, shamba lililopumzishwa, pori la kuwinda, mahali pa mizinga ya nyuki, vyote viliweza kuhesabiwa kuwa havina mwenyewe. Kwa wazee wetu kila kilima kilikuwa na mwenyewe, hata pasipokuwa na nyumba.

Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, iliyogawa mashamba kwa wazungu. Baada ya uhuru, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni wa serkali. Juu ya udongo wa desturi iliahidi amri ya Rais. Miaka makumi ikapita bila amri hiyo. Basi mlimaji wa Kivu amelima siku nyingi pasipo karatasi, akitegemea neno la mwami na ushuhuda wa majirani.

Lakini tusidanganyike. Haki iliyonyimwa wazee haigeuzi kila shoka kuwa haki. Tangu Julai 1994 wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda walikaa kandokando ya Goma. Kwa Mugunga, mbele ya Ndosho, walikata miti ya Parki ili wapike, na pori likajeruhiwa vibaya. Kisha vita ikafanya makala kuwa biashara ya wenye bunduki, na walinzi wengi wa Parki wameuawa. Anayepata faida kubwa si yule anayesukuma chukudu.

Dawa zimetafutwa. Tangu mwaka 2007 mpango wa EcoMakala umesaidia walimaji kupanda miti ya makala nje ya Parki. Desemba 2015 kiwanda cha umeme cha Matebe, juu ya mto Rutshuru, kilifunguliwa. Hizo ni kazi njema. Lakini taa ikiwaka nyumbani, chungu kingali juu ya mbabula, kwa sababu umeme wa kupikia unaomba franka na jiko jipya.

Na mti unaomba miaka. Nani atapanda mti wa kukata baada ya miaka saba, kama hajui shamba litakuwa la nani mwaka kesho? Hapa ndipo moto na udongo vinakutana. Mwenye hofu ya kufukuzwa anapanda maharagi. Mti anaukata kwa mwingine. Pori halitalindwa na walinzi peke yao; litalindwa pia siku mlimaji atakapokuwa na hakika ya shamba lake.

Enyi mafrateri na wakatekista, ninyi mnaokaa na watu, iko kazi mnayoweza. Waulizeni wazee mipaka ya vilima, majina yake, na nani alilima wapi. Andikeni, mkiwasikiliza majirani wa pande zote, si upande mmoja. Daftari kama hilo si sheria. Lakini siku watu watakapogombana, litakuwa shahidi asiyeshika panga.