Ufuo Usio na Watu: Kumbukumbu za Matembezi ya Ziwani kutoka Karungu hadi Mfangano

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuitazama safari kama taabu: safari ya mpagazi, ya mtumwa, ya mhamiaji, ya shujaa wa utenzi aendaye vitani. Matembezi, yaani safari isiyo na sababu ila kuburudisha macho na kuupumzisha mwili, hayajapewa nafasi. Matini zenyewe, kwa kweli, ni haba. Hata mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli (1901), ni wa wasimulizi waliotembea kwa shughuli maalumu. Selim bin Abakari aliyafikia maeneo ya Urusi na Siberia, lakini aliyafikia akifuatana na Mjerumani aliyemtumikia.

Huko Ulaya, kinyume chake, kumbukumbu ya mapumziko ya pwani na kisiwa ni utanzu uliokomaa, na kitovu chake ni Bahari ya Mediterania. Mwaka 1911 Norman Douglas alichapisha Siren Land, kitabu kuhusu rasi ya Sorrento na kisiwa cha Capri. Uzuri wa mandhari katika kitabu hicho haujitegemei. Umesimama juu ya watu: wavuvi, mapadri, watawala wa Kirumi waliokufa zamani, na hekaya za ving'ora wa baharini walioimba hadi mabaharia wakapotea. Msomaji anapendezwa na ufuo kwa sababu umejaa.

Mwaka huohuo wa 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alitumwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza kwenda kuchimbua mifupa ya kale huko Karungu, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria ambao leo umo katika Kaunti ya Migori. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1915 kwa jina Alone in the Sleeping-Sickness Country, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Peke Yangu katika Nchi ya Malale". Oswald hakwenda likizoni, na si haki kumhukumu kana kwamba alikwenda. Hata hivyo ni mtu aliyekuja, akatazama, akaondoka, kisha akakumbuka, na huo ndio mhimili wa utanzu unaojadiliwa hapa.

Neno la kwanza la jina hilo ndilo lenye mzigo. Hakuna msafara wa kisayansi wa wakati ule uliowezekana bila wapagazi, wapishi na wachimbaji, na lugha iliyowaunganisha watu wa aina hiyo katika misafara ya Afrika Mashariki ilikuwa Kiswahili. "Peke yangu", basi, haina maana ya kutokuwa na watu. Ina maana ya kutokuwa na Mzungu mwingine. Wahakiki wa fasihi ya kikoloni wameligundua jambo hili mara nyingi katika matini nyingine, na lingekuwa jambo la kawaida tu kama sehemu ya pili ya jina isingekuwapo.

Sehemu hiyo ya pili inaeleza kwa nini ufuo ulionekana mtupu. Tangu mwanzo wa karne ya 20, malale yaliwaua watu wapatao robo milioni katika nchi ya Uganda, hasa Busoga na mwambao wa Buganda, na yakaenea hadi ufuo wa Nyanza. Serikali ya Uganda iliwahamisha wakazi wa mwambao na wa visiwa kama Sesse ili kuwaepusha na mbung'o. Winston Churchill, aliyepita huko mwaka 1907, aliisifu Uganda katika My African Journey (1908) kama nchi ya hekaya, na katika kitabu hichohicho akayazungumzia malale yaliyokuwa yakiimaliza. Sifa na maafa zimo ndani ya jalada moja, na kwa nadra zinakutana katika aya moja. Hapa ndipo Ziwa Viktoria linapotengana na Mediterania. Ukimya ambao mgeni aliufurahia, vichaka vilivyoteremka hadi majini, fukwe zisizo na moshi wa jiko, havikuwa hali ya asili ya nchi. Vilikuwa mabaki ya vifo na ya amri za serikali.

Wala hali hiyo haikwisha na ukoloni. Bonde la Lambwe, katika Kaunti ya Homa Bay, lilibaki na watu wachache kwa muda mrefu kwa sababu ya mbung'o. Likafanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 likawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, ambako mtalii huenda kumtafuta korongo. Kwamba nchi hii ilikuwa na wakazi tangu kale hakuhitaji hoja ndefu: kuta za mawe za Thimlich Ohinga, huko Migori, zilizojengwa bila saruji wala udongo na ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, zinatosha.

Je, wenyeji waliukumbukaje ufuo wao? Karibu na Kendu Bay lipo ziwa dogo la kreta liitwalo Simbi Nyaima. Masimulizi ya Wajaluo yanasema kwamba ajuza mmoja alifika kijijini jioni, watu wakiwa katika pombe na ngoma, akaomba hifadhi akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Usiku ule ajuza alimwonya mwenyeji wake aondoke, mvua ikanyesha, na kijiji kizima kikadidimia. Masimulizi haya huhesabiwa miongoni mwa visaasili, na uainishaji huo si kosa, ila unaficha jambo muhimu kwa mada hii: mhusika mkuu ni mgeni. Katika kumbukumbu ya matembezi, mgeni ndiye mwenye macho na ufuo ndio unaotazamwa. Katika Simbi Nyaima, mgeni ndiye kipimo, na mandhari yenyewe, yale maji ya kijani ambayo watalii huyapiga picha, ni hukumu iliyotolewa juu ya wenyeji. Waswahili husema "mgeni njoo, mwenyeji apone". Hapa mwenyeji mmoja alipona. Grace Ogot naye, katika hadithi yake "The Rain Came", iliyomo katika Land Without Thunder (1968), anampeleka msichana ziwani peke yake, ili amezwe na joka mvua ipate kunyesha. Upweke huo ni tofauti kabisa na ule wa Oswald.

Likizo kwa maana ya kisasa ilipofika katika visiwa hivi, ilifika kwa sura ya kurudi nyumbani. Tom Mboya, ambaye hutajwa daima kama mtu wa Rusinga, alizaliwa mwaka 1930 Kilimambogo, katika shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake. Rusinga kilikuwa kisiwa cha wazazi wake, mahali pa kuendewa. Alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 alirudishwa huko akazikwa, na kaburi lake limekuwa kivutio cha wageni. Yafaa kukumbuka pia kwamba fuvu la nyani wa kale, Proconsul, ambalo Mary Leakey alilipata Rusinga mwaka 1948, limeandikiwa kurasa nyingi kuliko wakazi wote wa kisiwa hicho.

Wakazi hao ni Wasuba, ambao mapokeo yanawaeleza kuwa walitoka upande wa Buganda na Busoga. Henry Okello Ayot aliandika historia yao mwaka 1979, na kichwa cha kitabu chake kinawaita Waluo-Abasuba, jina lenye kistari ambalo tayari linatangaza kilichotokea: Dholuo imechukua nafasi ya Kisuba katika sehemu kubwa ya mwambao, na ni Mfangano ambako lugha hiyo imeshikilia zaidi.

Ulinganisho wa haki kwa Rusinga na Mfangano, basi, si Capri, bali Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilohilo upande wa Tanzania. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa huko, alimrudisha Kazimoto wa Kichwamaji (1974) nyumbani wakati wa likizo ya chuo kikuu. Na likizo hiyo haina hata chembe ya buraha, kwa kuwa mhusika anaingia katikati ya ugomvi, tuhuma za uchawi na mauti. Kisiwa kimejaa watu hadi kinambana. Kabla yake, Aniceti Kitereza alikuwa ameandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaikamilisha mwaka 1945. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Kilimo, uvuvi, uganga, ukarimu na kilio cha mtu asiye na mtoto vimehifadhiwa humo kwa mkono wa mwenyeji. Mfangano ina michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone, miduara ya rangi nyekundu na nyeupe iliyochorwa na watu waliowatangulia Wasuba, na tangu mwaka 2000 ina jumba dogo la makumbusho ya jamii. Riwaya kama ya Kitereza haina, na wazee wanaoweza kuisimulia kwa Kisuba wanapungua.