Misuli ya Mguu na Safari ya Kuitafuta Nguvu

Kwa karne nyingi matabibu wa Ulaya, wakifuata mafundisho ya tabibu wa kale Galen, walishikilia kuwa msuli hufanya kazi kwa kujazwa na kuvimbishwa na kitu chepesi mfano wa mvuke, kilichodhaniwa kushuka kutoka kwenye ubongo kupitia neva, na kwa mtazamo huo mpangilio wa nyama yenyewe haukuwa na uzito mkubwa. Mwaka 1667 Mdenmaki Niels Stensen alichapisha mjini Florence kitabu kilichouchunguza msuli kwa kanuni za jiometri, akionyesha kuwa nyuzi zake aghalabu hulala mshazari kati ya kano, yaani kamba ngumu zinazoushikiza kwenye mfupa, na kwamba nyuzi hizo zikifupika msuli hutuna pasipo ujazo wake kuongezeka. Alikuwa sahihi, lakini waliomfuata walimpuuza, na jiometri yake ikafufuliwa kwa dhati katika karne ya 20 tu.

Mjerumani Eduard Weber ndiye aliyeeleza, mwaka 1846, kuwa nguvu ya msuli hutegemea eneo la mkato wa nyuzi zake zote zikikatwa kwa kukingama, wala si urefu wake. Mguu unalithibitisha hilo waziwazi. Sartorio, unaopita mbele ya paja kutoka nyonga hadi upande wa ndani wa goti, ni msuli mrefu kuliko yote mwilini, ila nyuzi zake ni ndefu na chache, hivyo hufupika sana lakini huvuta kwa nguvu ndogo. Ilhali soleo, uliojificha ndani ya shavu la mguu, una nyuzi za sentimita chache zilizosongamana kwa wingi, nao ndio hubeba mzigo mkubwa mtu anapoinua visigino huku amekunja magoti. Mazoezi ya kunyanyua vyuma huongeza nguvu kwa sehemu kwa kuzinenepesha nyuzi hizo, na hivyo kulipanua eneo la mkato.

Aina za nyuzi zilikuja kuwa suala jingine. Mfaransa Louis Ranvier alionyesha mwaka 1873 kuwa misuli myekundu ya sungura hujikunja polepole kuliko ile myeupe, na sindano aliyoitumia Mswidi Jonas Bergström mwaka 1962 ikawezesha kuchukua kipande kidogo cha msuli wa paja la mwanariadha aliye hai. Mtafiti Bengt Saltin na wenzake walipolinganisha kwa njia hiyo wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, uwiano wa nyuzi za polepole na za kasi haukutofautiana sana.