Mstaafu wa Mwaka 1966

Mwanzoni mwa mwaka 1966 Marekani ilikuwa nchi iliyoshiba. Tarehe 9 Februari kipimo cha Dow Jones, kinachofuatilia bei za hisa za kampuni 30 kubwa, kilifunga siku kikiwa 995, juu kuliko wakati wowote uliotangulia. Kwa miaka kadhaa mfumuko wa bei ulikuwa haujavuka asilimia 2. Julai mwaka huohuo Medicare, bima ya afya ya wazee, ilianza kulipia matibabu. Mtu aliyestaafu siku zile, nusu ya akiba yake ikiwa kwenye hisa na nusu kwenye hatifungani za serikali, alikuwa na kila sababu ya kulala usingizi mnono.

Mweke kando ya mwenzake aliyestaafu mwanzoni mwa 1929, miezi michache kabla soko la New York halijaporomoka. Nani kati yao alikuwa na mkosi? Karibu kila mtu atamtaja wa 1929. Lakini hesabu zilizofanywa miongo kadhaa baadaye zilionyesha kwamba, kwa mseto ule wa hisa na hatifungani, aliyeumia zaidi ni yule wa miaka ya 1960. Kiwango kinachojulikana leo duniani kote, kwamba mstaafu anaweza kuchota asilimia 4 ya akiba yake bila kuimaliza, kimetokana na masaibu ya wastaafu wa kizazi chake. Anayekitumia bila kujua habari zao hajui ameshika nini.

Hesabu hizo zisingewezekana bila kumbukumbu, na kumbukumbu zenyewe zilikusanywa kwa sababu za kibiashara. Mwaka 1960 kampuni ya udalali ya Merrill Lynch ilitaka kuwashawishi Wamarekani wa kawaida wanunue hisa, lakini haikuwa na ushahidi wa kiasi ambacho hisa zilikuwa zimelipa kwa miaka mingi. Ikatoa dola 50,000 kwa Chuo Kikuu cha Chicago. James Lorie na Lawrence Fisher wakakusanya bei za kila mwezi za hisa zote za kawaida za Soko la Hisa la New York tangu Januari 1926, pamoja na magawio, kampuni zilizoungana na zilizofilisika. Waliuchagua mwaka 1926 ili kumbukumbu zishike kipindi cha neema kilichotangulia anguko la 1929. Jibu lilitoka mwaka 1964: mwekezaji angepata wastani wa asilimia 9 kwa mwaka. Mwaka 1976 Roger Ibbotson na Rex Sinquefield walichapisha kazi iliyoweka bega kwa bega hisa, hatifungani, dhamana za muda mfupi za serikali na mfumuko wa bei, mwaka baada ya mwaka.

Wakati huo namna ya kustaafu nayo ilikuwa ikibadilika. Kizazi kilichotangulia kilikuwa na waajiri wengi waliolipa pensheni ya kila mwezi hadi kifo. Sheria ya mwaka 1978, iliyoongeza kifungu cha 401(k) katika sheria za kodi, ilifungua mlango wa mpango mwingine: mfanyakazi anajiwekea, mwajiri anaongezea, na siku ya kustaafu mtu anakabidhiwa fungu lake. Hatari ya kuishi muda mrefu kuliko akiba, ambayo zamani ilibebwa na mwajiri, ikahamia kwa mzee mwenyewe.

Aliyelishughulikia suala hilo kwa uvumilivu ni William Bengen, mshauri wa fedha wa El Cajon, mji ulio karibu na San Diego. Hakuwa mchumi. Alisomea uhandisi wa ndege na vyombo vya anga katika chuo cha MIT, akashiriki kuandika kitabu cha kitaalamu juu ya roketi ndogo za mfano, kisha kwa miaka mingi akafanya kazi katika biashara ya familia yake ya kujaza soda kwenye chupa huko New York. Familia ilipoiuza biashara hiyo alihamia California na kuanza upya. Wateja wake walikuwa watu waliokaribia kustaafu, na walimuuliza jambo moja: nitumie kiasi gani kwa mwaka?

Jibu lililozoeleka lilikuwa la wastani. Tangu 1926 hisa zilikuwa zimelipa kiasi cha asilimia 10 kwa mwaka, hatifungani za muda wa kati asilimia 5, na bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 3. Changanya hisa asilimia 60 na hatifungani 40, ondoa mfumuko wa bei, unabaki na takriban asilimia 5. Basi mstaafu achote asilimia 5, na mtaji utabaki palepale. Ni hesabu nyepesi, na ingewafilisi watu halisi walioishi katika miaka halisi.

Bengen aliona kwamba hakuna anayestaafu katika mwaka wa wastani. Kila mtu anastaafu katika mwaka wake, na miaka inayofuata inamjia kwa mpangilio asiouchagua. Akachukua kumbukumbu za Ibbotson na kumwanzisha mstaafu mmoja wa kufikirika mwaka 1926, mwingine 1927, mwingine 1928, hivyo hivyo hadi 1976. Kila mmoja anachota asilimia fulani ya akiba yake mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili anachota kiasi kilekile cha fedha, kimeongezwa kwa kadiri bei zilivyopanda, soko liwe limepanda au limeshuka. Watu wengi hulikosea jambo hili: asilimia inapigwa mara moja tu, siku ya kwanza, na baada ya hapo kinachofuatwa ni bei za vitu madukani. Bengen akahesabu fungu la kila mmoja lilidumu miaka mingapi.

Makala yake ilitoka Oktoba 1994 katika jarida la wapangaji wa fedha la Marekani. Majanga matatu ya soko aliyapa majina ya mambo ya anga, kama ungetarajia kwa mtu aliyekulia kwenye roketi. Lile la 1929 hadi 1931 lilizipunguza hisa kwa asilimia 61. Lile la 1937 hadi 1941 lilizipunguza kwa asilimia 33. La 1973 na 1974 lilichukua asilimia 37, na hilo ndilo aliloliita Mlipuko Mkuu, ingawa kwa kuangalia hisa peke yake lilikuwa dogo kuliko la 1929.

Bei za vitu ndizo zilizoleta tofauti. Kati ya 1929 na 1933 bei za Marekani zilishuka kwa karibu robo. Aliyehitaji dola 4,000 mwaka 1929 alihitaji takriban 3,000 tu miaka minne baadaye kununua vitu vilevile. Hisa zake zilikuwa zimeteketea, ndiyo, lakini hatifungani zake za serikali ziliendelea kulipa, na kila mwaka alichota kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Mdororo uliowatupa mamilioni mitaani bila kazi ulimpunguzia mzee huyu gharama za maisha.

Wa 1966 alikumbwa na kinyume chake, tena polepole, bila siku moja ya kutisha ambayo angeikumbuka. Serikali ilikuwa ikilipia vita vya Vietnam na huduma mpya za jamii kwa wakati mmoja. Agosti 1971 Rais Nixon alisitisha kubadilisha dola kwa dhahabu. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta, na hadi mwanzoni mwa 1974 bei yake ilikuwa imepanda mara nne, pigo lililofika hadi Dar es Salaam na Nairobi. Katika miaka ile miwili pekee bei za vitu Marekani zilipanda kwa asilimia 22 huku hisa zikianguka. Hatifungani, zilizomwokoa mzee wa 1929, safari hii hazikutosha: riba zilipopanda, thamani ya hatifungani za zamani zenye riba ndogo ilishuka, na kilicholipwa kililiwa na mfumuko. Agosti 1982 Dow Jones ilikuwa 777, chini ya pale ilipokuwa miaka 16 nyuma, na bei za vitu zilikuwa zimepanda mara tatu. Aliyeanza kwa kuchota dola 4,000 kutoka akiba ya 100,000 sasa alipaswa kuchota zaidi ya 12,000 ili ale chakula kilekile.

Tuchukue mfano mkali zaidi: mtu mwenye hisa tupu za dola 100,000 anaanza Januari 1973. Anatoa 4,000. Hisa za kampuni kubwa zinapoteza karibu asilimia 15 mwaka huo, naye anabaki na kama 82,000. Bei zimepanda, kwa hiyo mwaka wa pili anatoa takriban 4,350. Soko linapoteza asilimia 26 nyingine. Mwanzoni mwa 1975 ana 57,000, na mahitaji yake yamefika karibu 4,900. Kiasi kilichokuwa asilimia 4 ya akiba kimekuwa zaidi ya asilimia 8, na hajanunua chochote cha anasa. Soko lilipanda sana mwaka 1975, lakini hisa alizouza kwa bei ya kutupa hazikuwepo tena kupanda nalo. Ni hali ya mkulima aliyekula mbegu wakati wa njaa: mvua imerudi, shamba lipo, cha kupanda hakipo.

Kwa hiyo wawekezaji wawili wanaweza kupata wastani uleule katika miaka 30 na mmoja akafa tajiri, mwingine akafilisika, kwa sababu tu ya miaka mibaya kutangulia au kuchelewa. Kwa aliyewekeza fungu mara moja, bila kuongeza wala kutoa, mpangilio huo haubadilishi kitu. Kwa anayechota, miaka kumi ya mwanzo ina uzito kuliko yote.

Bengen alipata kwamba kwa asilimia 4, na nusu ya akiba ikiwa kwenye hisa, hakuna hata mstaafu mmoja katika kumbukumbu zake aliyemaliza fungu kabla ya miaka 33. Alipokuja kuhesabu kwa miezi, alimtaja wa Oktoba 1968 kuwa ndiye aliyekuwa na mkosi mkubwa kuliko wote. Asilimia 4 ni kiwango cha huyo. Kwa mstaafu wa kawaida katika historia ya Marekani, Bengen anasema, kingekuwa karibu asilimia 7, na wengi waliofuata kanuni yake wangeacha urithi mkubwa kuliko akiba waliyoanza nayo. Naona ni vyema jambo hilo lisemwe waziwazi kwa wazee, kwa sababu kuna wanaojinyima chakula bora na safari za kuona wajukuu wakilinda fungu ambalo huenda halikuhitaji kulindwa kiasi hicho.

Mwaka 1998 maprofesa watatu wa Chuo Kikuu cha Trinity, San Antonio, Texas, Philip Cooley, Carl Hubbard na Daniel Walz, walirudia kazi hiyo kwa njia yao, wakitumia hisa za kampuni kubwa na hatifungani za kampuni imara. Kwa nusu kwa nusu na asilimia 4, akiba ilidumu miaka 30 katika asilimia 95 ya vipindi 41 walivyovipima. Kwa hatifungani tupu ilidumu katika asilimia 20 tu. Mzee aliyeziogopa hisa na kuzikwepa kabisa ndiye aliyefilisika mara nyingi zaidi, maana mfumuko ulimla taratibu.

Yote hayo ni Marekani, nchi iliyoshinda vita vikuu viwili bila miji yake kubomolewa. Wade Pfau, alipokuwa akifundisha Tokyo, alichapisha mwaka 2010 hesabu za nchi 17 zilizoendelea, tangu 1900. Asilimia 4 ilisalimika kila wakati katika nchi 4 tu: Marekani, Kanada, Sweden na Denmark, na hapo kwa kumkubalia mstaafu achague mseto bora kana kwamba aliyajua yajayo. Kwa Mjapani aliyestaafu wakati mbaya kuliko wote, enzi za Vita Kuu ya Pili, hata asilimia 1 ilikuwa nyingi mno. Nadhani huu ndio utafiti uliopaswa kusomwa zaidi kuliko mwingine wowote, na haukusomwa hivyo.

Wengine wakaiacha dhana ya kiasi kisichobadilika. Mwaka 2006 Jonathan Guyton na William Klinger walipendekeza mipaka: kiwango cha mwaka kikizidi kile cha mwanzo kwa moja ya tano, punguza matumizi kwa asilimia 10, kikishuka kwa kadiri hiyo, jiongezee asilimia 10. Anayekubali kupunguza wakati wa dhiki anaweza kuanza juu ya asilimia 5. Bengen naye aliongeza hisa za kampuni ndogo na aina nyingine kwenye mseto, akapandisha kiwango chake hadi 4.5, na katika kitabu alichotoa mwaka 2025 akafika 4.7. Anaendelea kuonya kwamba adui anayemhofia zaidi ni mfumuko wa bei.

Kwa msomaji wa Tanzania, ambako mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, na mkupuo, sehemu ya mafao inayolipwa mara moja, umewagusa watumishi wengi, pensheni ya kila mwezi inaubeba mzigo wa kuishi muda mrefu. Swali la Bengen linahusu ule mkupuo, na akiba ya mfanyabiashara au fundi asiye na pensheni kabisa. Asilimia 4 haiwezi kuhamishiwa hapa kama ilivyo. Katikati ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei Tanzania ulizunguka asilimia 30 kwa mwaka, kasi inayozidisha bei maradufu katika muda usiofika miaka 3, na mstaafu wa wakati ule hakuwa na soko la hisa la kukimbilia nchini mwake. Kwa jirani, Soko la Nairobi lilikuwa limeanzishwa mwaka 1954. Biashara katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ilianza Aprili 1998, miezi michache baada ya maprofesa wa Trinity kuchapisha vipindi vyao 41. Dar es Salaam itatimiza kipindi chake cha kwanza cha miaka 30 Aprili 2028.